Babu aliyekuwa akienda "Ubelgiji" kila asubuhi bila kutoka Kigoma

Swali lililonifikia, kwa kifupi: "Shikamoo mzee. Naandika kutoka Ujiji. Marehemu babu mzaa mama alikuwa kuli bandarini Kigoma tangu kabla ya uhuru. Asubuhi akitoka alikuwa akimuaga bibi, 'Haya, nakwenda Ubelgiji.' Juzi tumeikuta kadi yake ngumu, ina picha na muhuri, bibi anaiita pasi. Mwanangu wa kidato cha pili anabisha, anasema nchi ni kitu kimoja, haiwezekani nchi moja ikawa na kipande ndani ya nchi nyingine. Nani mkweli? Na kama vipande hivyo vipo duniani, watu wake wanaishi vipi?"

Marahaba, mwanangu. Umenigusa mahali ninapopapenda. Nimepima ardhi Kigoma na Tabora kwa zaidi ya miaka thelathini, na swali la nani mwenye kipande gani, na anakifikiaje, ndilo lililonilisha na kunisomeshea watoto.

Babu hakuota. Eneo la Wabelgiji lilikuwepo bandarini Kigoma, na jina lake lilikuwa Belbase, yaani kituo cha Wabelgiji. Lakini halikuwa nchi ya Ubelgiji. Kijana wako naye amekosea upande wa pili: vipande vya nchi vilivyokaa ndani ya nchi nyingine vipo, vingine vina watu maelfu kwa maelfu.

Tuanze na kuitenganisha mali na mamlaka. Mrundi akinunua nyumba Mwanga, hapa Kigoma, akaishi humo na familia yake, wakaongea Kirundi tangu alfajiri hadi usiku, nyumba ile haijawa Burundi. Wakigombana humo atakuja askari wa Tanzania, na kesi itasikilizwa na hakimu wa Tanzania kwa sheria ya Tanzania. Hicho ndicho kipimo changu, na mpaka leo sijaona kilicho bora: usiulize nani analipia kiwanja wala bendera ya nani imetundikwa ukutani, uliza askari wa nani anaingia na sheria ya nani inahukumu. Kwa kipimo hicho, Belbase ilikuwa Tanganyika tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Wabelgiji walikuwa wapangaji.

Ila walikuwa wapangaji wa aina yake, na hapa nakuomba uvumilivu kidogo, maana historia hii imetokea chini ya dirisha lako na watoto wetu hawaambiwi.

Mwaka 1914 Wajerumani waliifikisha reli Kigoma. Vita Kuu ya Kwanza ikaanza mwaka huohuo. Julai 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yakaingia Kigoma, na Septemba 19 mwaka ule yakaiingia Tabora. Jenerali wao, Tombeur, baadaye akapewa kwao cheo cha heshima chenye jina la Tabora ndani yake. Wabelgiji wakakaa hapa Kigoma karibu miaka mitano, wala shabaha yao kubwa haikuwa Kigoma. Walitaka kitu cha kubadilishana. Kongo yao ilikuwa na mlango mwembamba mno wa bahari, kilomita arobaini hivi za pwani, na ukingo wa kusini wa mdomo wa mto Kongo ulikuwa wa Wareno. Hesabu yao ilikuwa hii: tuwaachie Waingereza ardhi tuliyoiteka Afrika Mashariki, Waingereza wawaridhishe Wareno, Wareno watupe ule ukingo. Wareno hawakutoa. Ubelgiji ikabaki na Ruanda na Urundi, na Machi 1921 Kigoma ikakabidhiwa kwa Waingereza.

Kifuta jasho chao ndicho hicho alichokifanyia kazi babu yako. Machi 15, 1921 ulitiwa saini mkataba baina ya Uingereza na Ubelgiji: Wabelgiji wapangishwe maeneo mawili, moja bandarini Dar es Salaam na moja bandarini Kigoma, na mizigo yao ipite kati ya maeneo hayo kwa Reli ya Kati bila kutozwa ushuru wa Tanganyika. Kodi ya pango ilikuwa faranga moja kwa mwaka. Muda wa pango: milele.

Soma tena neno hilo, milele. Katika kazi yangu nimeshika hati za miaka 33, za miaka 66, za miaka 99. Hati ya milele kwa faranga moja sijawahi kuletewa mezani, na angeniletea mtu ningemuuliza kwanza, aliyekupangisha amepewa muda gani yeye mwenyewe?

Ndivyo alivyouliza Julius Nyerere. Novemba 30, 1961, siku tisa tu kabla ya uhuru, akiwa Waziri Mkuu, alisimama Bungeni akalieleza suala la maeneo haya. Hoja yake kila mwenye nyumba wa Gungu anaielewa: Uingereza ilikuwa imekabidhiwa Tanganyika kuisimamia kwa muda, haikuwa mwenye nyumba. Mtu mwenye haki ya muda hawezi kumpa mwingine haki ya milele. Mpangaji hawezi kumpangisha mwenzake chumba hadi kiama. Lakini Nyerere hakufunga njia. Alitambua kwamba majirani zetu wanaihitaji bandari, akataka mambo yazungumzwe upya kwa masharti yanayokubaliana na nchi huru. Na mizigo ya Burundi na ya Kongo ikaendelea kupita Kigoma hadi leo.

Nimekaa sana hapa kwa makusudi. Nataka umwonyeshe kijana wako kwamba walichokitafuta Wabelgiji Kigoma ni njia ya kupitisha mizigo yao, na ile ardhi ilikuwa mahali pa kuikanyagia tu. Shika hilo, litakusaidia kwenye vipande vya kweli, ambavyo sasa navijia.

Mimi huwa nasema kipande kilichotengwa na kipande kilichozingirwa, na sivichanganyi. Kilichotengwa kimeachana na nchi mama, huwezi kukifikia bila kupita kwa watu au baharini. Kilichozingirwa kina jirani mmoja tu pande zote. Lesotho imezingirwa na Afrika Kusini kila upande lakini haikutengwa na mtu, ni nchi kamili, huru tangu 1966. Cabinda imetengana na nchi mama yake, Angola, ila haikuzingirwa na nchi moja, kwa sababu ina bahari upande mmoja na Kongo zote mbili kwa pande nyingine. Kimoja kinaweza kuwa vyote viwili. Burundi, ambayo watu wengi hapa huichomeka kwenye maongezi haya, haimo kabisa: ni nchi isiyo na bahari yenye majirani watatu.

Ukitaka mfano unaofanana na maisha yetu ya ziwani, nenda Ziwa Nyasa. Kuna visiwa viwili, Likoma na Chizumulu. Ni vya Malawi, lakini vimekaa upande wa Msumbiji, ndani ya maji ya Msumbiji, na kutoka Likoma pwani ya Msumbiji unaiona kwa macho. Malawi yenyewe iko ng'ambo ya maji. Imekuwaje? Wamisionari wa Kianglikana, wale wale wa misheni iliyojenga kanisa Mkunazini Unguja, walifanya Likoma makao yao tangu miaka ya 1880 na kuanzia 1903 wakajenga pale kanisa kuu la mawe ambalo bado limesimama. Mwaka 1954 Mwingereza na Mreno walipogawana maji yale katikati, visiwa vilivyokwishazoea utawala wa upande wa Nyasaland, yaani Malawi ya leo, vikaachwa huko huko. Watu wa Likoma wanaishi kwa meli. Kwa miaka mingi meli ya Ilala kwao imekuwa kama Liemba kwetu: isipokuja, sukari inapanda, mgonjwa anasubiri. Mtu wa Mwamgongo, kule nyuma ya hifadhi ya Gombe, ambaye amezoea kungoja boti ya Kibirizi ndipo afike mjini, hahitaji kufafanuliwa zaidi. Tofauti ni kwamba yeye akivuka maji bado yuko kwake njia nzima.

Cabinda ndiyo iliyonifundisha jambo moja kubwa. Mwaka 1885, mataifa ya Ulaya yalipokuwa yanagawana, Kongo ya Mfalme Leopold ilipewa kile kipande chembamba cha pwani ili ifike baharini. Kipande hicho kilipita katikati ya ardhi za Wareno, na Cabinda ikabaki kaskazini peke yake. Yaani njia ya mmoja ilikuwa ukuta wa mwingine. Leo sehemu kubwa ya mafuta ya Angola yanatoka kwenye bahari ya Cabinda, na kumekuwa na mapigano ya kutaka kujitenga tangu miaka ya uhuru. Na ukanda huo huo ndio Wabelgiji waliouona mwembamba hadi wakaishia na pango la faranga moja kwa mwaka Kigoma. Nilipolijua hili kwa mara ya kwanza nilitoka nje nikatembea hadi gatini, nikasimama nikatazama upande wa Kongo muda mrefu. Mstari uliochorwa Berlin kwenye Atlantiki ulikuwa umetikisa mpaka gati yetu.

Sasa swali lako lenye uzito: watu wanaishi vipi?

Nitakupeleka mpakani mwa India na Bangladesh, maana hakuna mahali duniani palipokuwa na vipande vingi kama pale. Vilikuwa vipande 111 vya India ndani ya Bangladesh na vipande 51 vya Bangladesh ndani ya India, jumla 162, na watu zaidi ya elfu hamsini. Wenyeji husimulia kwamba wafalme wa zamani walikuwa wakiwekeana vijiji dau kwenye mchezo wa sataranji. Ni ngano. Ukweli ni kwamba zilikuwa mali za watawala wawili jirani, zilizochanganyikana kama mashamba ya ukoo yanavyochanganyikana, na mwaka 1947 India ilipogawanywa, mipaka ya mashamba ikageuka mipaka ya nchi. Kulikuwa na kimoja kiitwacho Dahala Khagrabari: shamba la India, ndani ya kipande cha Bangladesh, ndani ya kipande cha India, ndani ya Bangladesh. Ukubwa wake haufiki ekari mbili. Mimi nimepima viwanja vya shule vikubwa kuliko "nchi" ile.

Fikiria umezaliwa humo. Wewe ni raia wa India. Ili upate kitambulisho cha India lazima ufike India. Ili ufike India lazima upite Bangladesh. Ili upite Bangladesh kihalali unahitaji hati ya kusafiria, ambayo hutolewa India. Hapo ndipo maisha yalipokwama, miaka sitini na nane. Serikali yao haikuweza kuwafikia, na serikali iliyowazunguka haikuwa na wajibu nao. Nguzo za umeme zilipita kando ya kijiji na kuendelea. Wazazi walidanganya jina la baba ili mtoto apokewe shule ya jirani: wanamwazima mtu wa nje awe "baba" kwenye fomu. Mtu akiibiwa hakuwa na kituo cha polisi cha kumpokea. Kile kipimo changu cha askari wa nani anaingia, pale jibu lilikuwa hakuna.

Mkataba wa kubadilishana vipande uliandikwa mwaka 1974, baina ya Indira Gandhi wa India na Mujibur Rahman wa Bangladesh. Ukalala miaka arobaini na moja, kwa sababu India ililazimika kubadili katiba ili itoe ardhi. Usiku wa kuamkia Agosti 1, 2015 ndipo ulipotimia. Watu waliwasha mishumaa 68, mmoja kwa kila mwaka. Kila mtu akapewa hiari ya kuchagua uraia, na walio wengi sana walibaki palepale walipozaliwa. Waliohamia India hawakufika hata elfu moja. Walichokitaka hakikuwa kuhama. Walitaka ardhi waliyoikalia iwe na serikali inayoweza kuwafikia.

Kimoja kilibaki, Dahagram, cha Bangladesh. Kilibaki kwa sababu kilipata njia: ukanda mfupi unaoitwa Tin Bigha, urefu wake mita 178 tu, ambao India iliukodisha kwa Bangladesh. Mwaka 1992 ulifunguliwa kwa saa chache za mchana, na tangu 2011 uko wazi usiku na mchana. Mita 178, mwanangu. Ni kama kutoka lango la stesheni ya Kigoma kuteremka kidogo kuelekea ziwani. Mgonjwa wa usiku alikuwa anangoja kupambazuke kwa ajili ya mita hizo.

Si kila mahali ni mateso. Kule Ubelgiji kwenyewe, mpakani na Uholanzi, kuna mji wa Baarle. Ndani ya ardhi ya Uholanzi kuna vipande 22 vya Ubelgiji, na ndani ya baadhi yake kuna vipande vya Uholanzi tena. Mpaka umechorwa barabarani kwa misalaba myeupe, unapita katikati ya maduka na vyumba vya watu. Desturi yao ni kwamba nyumba ni ya nchi ulikoelekea mlango wake wa mbele. Watu wanalala, wananunua mkate, wanapeleka watoto shule, kwa sababu nchi zote mbili zimekubaliana na hakuna anayezuia njia. Na uone historia inavyozunguka: mwaka 1916, Wabelgiji walipokuwa wakiiteka Kigoma, nchi yao karibu yote ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Baarle ilisalimika, kwa sababu Uholanzi haikuwemo vitani na Wajerumani hawakuweza kuifikia Baarle bila kuikanyaga Uholanzi. Wabelgiji wakaweka mtambo wa redio pale. Kuzingirwa kuliwaokoa.

Kwa wale wa Ujiji na Tabora wenye ndugu Oman, waulizeni habari za Madha. Ni kipande cha Oman ndani ya Falme za Kiarabu. Inasimuliwa kwamba wazee wake waliulizwa wawe chini ya nani, wakamchagua Sultani wa Muscat. Na ndani ya Madha kuna kijiji cha Nahwa, ambacho ni cha Sharjah, mojawapo ya hizo Falme za Kiarabu. Unavipita vyote kwa gari bila kusimamishwa.

Mkataba mbovu nao huzaa vipande. Mwaka 1659 Uhispania ilikubali kuipa Ufaransa vijiji 33 milimani. Walipokuja kuvihesabu mwaka uliofuata, Wahispania wakasema Llívia si kijiji, ni mji, kwa hiyo haimo. Llívia ni ya Uhispania hadi leo, imezungukwa na Ufaransa, kwa neno moja la hati. Vijana wangu wa ofisini walikuwa wakiona nawasumbua nikikataa ramani kwa kosa la neno, hadi nilipowapa kisa hiki.

Na palipo na uhasama, jirani anayekuzunguka ana mkono shingoni mwako. Januari 1986 Afrika Kusini ya makaburu iliibana mipaka ya Lesotho. Chakula na mafuta vikakwama, na kabla mwezi haujaisha serikali ya Lesotho ilikuwa imepinduliwa na jeshi lake. Namibia ilipata uhuru Machi 1990 lakini bandari yake kubwa, Walvis Bay, ikabaki ya Afrika Kusini, kwa sababu Waingereza waliichukua tangu 1878 kabla Wajerumani hawajafika. Namibia iliipata Machi 1, 1994, kwa mazungumzo. Miaka minne nchi huru inaitazama bandari yake kwa nje.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa Katubuka kwa mama mmoja mjane. Kiwanja chake kilikuwa na hati safi, bikoni zote nne, yaani alama za mpaka, mahali pake, nilizifukua mwenyewe kwa mkono. Majirani wake watatu walikuwa wamejenga kuta, kila mmoja ndani ya mpaka wake, na wa nne alikuwa ameweka banda la mbuzi. Hakuna aliyemwibia hata shibri moja. Lakini alipofiwa na mumewe, jeneza lilipitishwa juu ya ukuta, wanaume sita huku na sita kule, kwa sababu kichochoro kilichobaki hakikuchukua jeneza. Alinionyesha mahali chokaa ilipobanduka. Tulikaa na wazee wa mtaa siku mbili, banda likasogezwa, nikachora njia ya mita mbili na nusu nikaiingiza kwenye ramani. Nikisoma habari za watu wa vipande vile vya India na Bangladesh, ukuta ule ndio unaonijia.

Sasa niirudie ile kadi. Mwambie bibi, kwa heshima, kwamba pasi ile si ya kusafiria. Babu yako hakuvuka mpaka wowote, kwa hiyo hakuhitaji pasipoti. Kwa jinsi ulivyoieleza, ni kibali cha getini, kama wanavyopewa wafanyakazi wa bandari mpaka leo, kuonyesha kwamba mwenye picha hii anaruhusiwa kuingia eneo lenye mizigo. Eneo lilikuwa la watu maalumu, mizigo yake ilikuwa inapita bila ushuru, lazima getini pawe pakali. Si ajabu makuli wakaona wanaingia nchi nyingine. Mkubwa wa kazi Mbelgiji, lugha Kifaransa, masanduku yameandikwa majina ya miji ya Kongo. Lakini ungemwangukia mzigo ukamvunja mguu, au angepigana na mwenzake mle ndani, angehukumiwa na kutendewa kwa sheria ya Tanganyika.

Itunzeni. Msiipeleke stationari kuilaminisha, joto lile linakula wino wa muhuri na halirudishiki. Ifuteni vumbi kwa kitambaa kikavu, ipigeni picha mbele na nyuma mchana kweupe, kisha itieni kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki, mbali na unyevu wa ziwa. Na kwa penseli, juu ya bahasha na si juu ya kadi, andikeni jina la babu, miaka aliyofanya kazi kadiri bibi anavyokumbuka, na neno Belbase. Bibi yupo, muulizeni leo.